Hewa ya Banda la Kuku Hupangwa Kabla ya Tofali la Kwanza

Mwenyekiti wa mtaa, bwana afisa mifugo, mama zangu, baba zangu na ndugu wafugaji wa uani, habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumzie hewa katika banda dogo la kuku. Tunasema banda la kuku kumi hadi hamsini, lile linalojengwa nyuma ya nyumba hapa Dodoma, iwe Nkuhungu, Nzuguni, Mkonze au Ihumwa, kwenye nafasi iliyobaki baada ya choo na simtanki. Kulisha wengi wenu mnajua, na kuchanja mnajua. Hewa ndiyo inayoachiwa fundi, na fundi hana kosa: anajenga chumba cha mtu, anakipunguza kimo, anakipa jina la banda.

Tuanze na baridi, maana ndiyo inayobishaniwa sana hapa Dodoma. Juni na Julai usiku hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, upepo unavuma, mfugaji anawaonea kuku huruma. Anachukua viroba, anaziba kila tundu. Baada ya wiki mbili kuku wanakoroma, macho yanatoa machozi, mayai yamepungua, naye anasema baridi imewapiga. Haijawapiga. Kuku mkubwa ana joto la mwili la nyuzi kama 41 na amevaa manyoya usiku kucha. Nyuzi 13 anazimudu. Asivyovimudu ni viwili: upepo unaompiga moja kwa moja akiwa amelala, na hewa nzito yenye unyevu na harufu kali ya kinyesi. Ukiziba kila mahali umekiondoa cha kwanza na kukikaribisha cha pili. Kazi yote ya leo ni kuvitenganisha hivyo viwili. Hewa iingie na itoke usiku na mchana, ila njia yake ipite juu ya vichwa vya kuku waliolala.

Sasa hesabu ya maji, kwa sababu watu hawaamini mpaka waione. Kuku mmoja wa mayai hunywa kama robo lita kwa siku ya kawaida, na Oktoba au Novemba jua likikolea huweza kunywa mara mbili ya hapo. Kuku 30 basi huingiza lita 7 na nusu kwa siku, na wakati wa joto lita 15. Kidogo hubaki mwilini na kwenye yai. Kilichobaki hutoka kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho robo tatu yake ni maji. Tena kuku hatoki jasho: akisikia joto hupoa kwa kuhema, na kila akihema anamwaga mvuke. Ni sawa na mtu aingie bandani kila jioni na ndoo, aimwage juu ya maranda, afunge mlango aende zake.

Maji hayo yakikutana na ile sehemu nyeupe ya kinyesi, vijidudu huivunja na kutoa gesi ya amonia. Gesi hii huua vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya koo la hewa la kuku, vile ambavyo kazi yake ni kufagia vumbi na vijidudu kuvirudisha nje. Sisi wa Dodoma vumbi hatuna haja ya kulitafuta. Kuku aliyepoteza ufagio wake huvuta kila kitu hadi mapafuni, na hapo ndipo mafua yanapopata mlango. Mfugaji atanunua dawa, kuku watapata nafuu siku chache, kisha atarudi dukani, kwa sababu amonia bado iko ndani.

Pua za watu wengi huanza kuisikia amonia inapofika kati ya sehemu 5 na 20 katika milioni za hewa. Kiwango ambacho wafugaji hushauriwa wasikivuke ni 25. Kwa hiyo ukiisikia tu, huenda umeshakaribia ukingo. Pua nayo huzoea: aliyekaa bandani dakika kumi hawezi tena kuwa shahidi. Pimeni alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili, kabla pazia halijashushwa kuingiza hewa ya mchana. Ingia, chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku, vuta pumzi. Macho yakichoma, uwazi hautoshi au matandazo yameloa. Kupima ukiwa umesimama saa nne asubuhi ni kujidanganya.

Tuje kwenye kiwanja. Upepo wa Dodoma hutoka mashariki na kusini-mashariki sehemu kubwa ya mwaka. Asiyeamini aangalie uwanja wa ndege wa hapa mjini: njia ya kurukia imelazwa mashariki kwenda magharibi, kwa kuwa ndege huruka na kutua ikiukabili upepo. Jua nalo lina ratiba yake. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na Desemba huwa upande wa kusini.

Ukiyaunganisha hayo mawili, banda linajipanga lenyewe. Ubavu mrefu ulale mashariki–magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi tu. Ukuta mfupi wa mashariki uwe mzima mpaka juu, maana ndio unaokabili upepo. Mlango uwe magharibi. Paa liwe la mteremko mmoja, upande wa juu uangalie kaskazini na wa chini uangalie kusini. Hapo mmepata vitu viwili kwa gharama moja. Uwazi mkubwa wa juu unakuwa kule upepo unakoelekea, kwa hiyo upepo ukipita juu ya paa huinyonya hewa ya ndani badala ya kuisukuma irudi. Na jua la Juni huchungulia kwa kaskazini, likakausha matandazo wakati ule ule wa baridi.

Viwanja vya mjini vina ukuta wa uzio, na hapo ndipo wengi huharibu. Banda linabanwa kwenye kona ili kuokoa kuta mbili za tofali. Ukuta wa uzio wa mita 2 huupunguza sana upepo nyuma yake, na banda lililoegemea uzio lina pande mbili tu za kupumulia, mara nyingi zisizotazamana. Acheni angalau mita 1 na nusu kati ya uzio na upande wa kusini wa banda, na upande wa kaskazini ufunguke uani. Nafasi hiyo haipotei. Ni mahali pa kupita na toroli la kinyesi. Na kabla hujachora, tazama ni dirisha la nani lililo magharibi yako, maana harufu itafuata upepo na jirani atafuata harufu.

Sasa vipimo. Tuchukue kuku 30 wakubwa, wa kienyeji au chotara wa mayai. Kuku wanne kwa mita moja ya mraba, basi sakafu ni mita 3 kwa 2 na nusu kwa ndani, yaani mita za mraba 7 na nusu.

Ukuta wa kusini uwe na kimo cha sentimita 190: tofali mpaka sentimita 120, juu yake wavu wa sentimita 70. Ukuta wa kaskazini uwe na kimo cha sentimita 260: tofali sentimita 70 tu, kisha wavu sentimita 180, kisha ubao wa kubeba paa. Nguzo za upande huo ni nne, za mbao za inchi 2 kwa 4, kila baada ya mita moja. Nusu ya juu ya mlango nayo iwe wavu. Jumlisheni: uwazi wote unapita mita za mraba 8, mkubwa kuliko sakafu yenyewe. Kwa Oktoba ya Dodoma hiyo si anasa. Wavu wenyewe hula sehemu ya uwazi, vumbi na manyoya hula nyingine, kwa hiyo pimeni kwa ukarimu.

Fito za kulalia ziwekwe upande wa kusini, nyuma ya tofali la sentimita 120. Kila kuku anahitaji sentimita 20 za ufito, kwa hiyo kuku 30 wanataka mita 6: fito mbili za mita 3, sentimita 60 kutoka chini, ya kwanza sentimita 30 kutoka ukutani, ya pili sentimita 40 mbele yake. Zote ziwe kimo kimoja, la sivyo watapigania ya juu. Kuku akilala hapo kichwa chake hufika kama mita moja. Upepo unaoingia kusini huingia juu ya sentimita 120, unampita juu na kutokea kaskazini. Mkibadilisha kimo cha ukuta, badilisheni na kimo cha fito. Hivyo viwili havitenganishwi. Fundi akiamua kuweka fito ya tatu juu "ili wapate nafasi", kuku wa juu atalala mdomoni mwa upepo.

Wavu uwe ule mgumu wa matundu ya nusu inchi, wa upana wa sentimita 90. Mita 10 zinatosha banda hili. Wavu laini wa matundu makubwa humzuia kuku asitoke, lakini kicheche haumzuii wala nyoka. Wavu wa mbu msiuweke kabisa: kwa vumbi letu huziba upesi, na mfugaji anabaki akiamini ana dirisha. Mnaoogopa wezi, na mna haki, wekeni nondo za milimita 10 kila baada ya sentimita 15 kwa nje, wavu kwa ndani. Nondo hizo hazipunguzi hewa kiasi cha kusumbua. Kinachopunguza hewa ni kumwogopa mwizi kwa tofali mpaka juu.

Sasa pazia, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo banda zuri linapoharibiwa kwa kitu cha bei ndogo. Pazia la kiroba au turubai lazima liwepo, kwa baridi, kwa vumbi la alasiri na kwa mvua za Desemba hadi Aprili zinazopigwa kwa upepo. Karibu kila mtu hulifunga juu na kuliacha lining'inie, kama pazia la nyumbani. Ukitaka hewa unalikunja kwenda juu. Maana yake sehemu ya kwanza kufunguka ni ya chini, penye kuku, na sehemu ya mwisho kufunguka ni ya juu, penye hewa chafu ya moto. Ni kinyume kabisa.

Pazia la banda hufungwa chini. Upande wa chini upigiliwe juu ya tofali kwa ubao mwembamba. Upande wa juu ushonewe kwenye fito au bomba jembamba la urefu wa ukuta, kisha kamba mbili au tatu zipite kwenye vijishikio chini ya paa na kurudi kwenye msumari karibu na mlango. Ukivuta kamba pazia linapanda, ukilegeza linashuka, na siku zote kinachofunguka kwanza ni juu. La kaskazini lishonwe kimo cha sentimita 150, si zaidi, hata kitambaa kikibaki. Likipandishwa mpaka mwisho bado sentimita 30 za juu zitakuwa wazi kwa urefu wa mita 3. La kusini liwe sentimita 55, zibaki 15. Uwazi huo usiofungika hata ukitaka unafika kama mita ya mraba 1 na theluthi, karibu moja ya tano ya sakafu. Usishuke chini ya moja ya kumi ya sakafu kwa banda la ukubwa wowote, hata usiku wa Julai. Tunasisitiza pazia fupi kwa makusudi: likiwa refu, iko siku mtu wa nyumbani atalivuta mpaka juu.

Pazia liwe kiroba kilichofumwa. Nailoni tupu hukusanya matone kwa ndani, na matone hurudi kwenye matandazo.

Paa. Kwa banda hili mnahitaji bati 7 za mita 3: tano nzima, na mbili zikatwe vipande vya mita moja moja kumalizia urefu wa mteremko, zikipandiana sentimita 15, kipande cha juu kikilalia cha chini. Hapo mnapata ukingo wa kama sentimita 60 kila upande kaskazini na kusini, wa kuzuia mvua na jua. Mbao za paa zifungwe kwa waya mnene uliopitishwa chini ya mistari mitatu ya tofali, si kwa misumari peke yake, maana banda lililo wazi upande mmoja upepo huingia na kulisukuma paa kutoka chini. Mwambieni fundi mapema, tena mwambieni mbele ya msaidizi wake: nafasi kati ya ukuta na bati haizibwi. Mafundi wana mazoea ya kumalizia pale kwa vipande vya tofali na udongo, kazi ionekane safi. Pigeni wavu hapo, basi.

Bati tupu likichomwa na jua la Novemba huwa jiko. Wekeni dari jepesi la mikeka au matete, sentimita 10 hadi 15 chini ya bati, na ncha zake za kaskazini na kusini ziwe wazi ili hewa ya moto ipite katikati itoke. Dari likigusa bati halina kazi. Asiyeweza dari apake bati chokaa nyeupe kwa nje mwezi wa tisa, kabla joto halijafika. Mvua itaiondoa, atapaka tena mwaka ujao. Wenye tembe la zamani wanaotaka kuligeuza banda wana bahati nusu: paa la udongo huzuia jua kuliko bati lolote, ila kuta zake hazina pa kupumulia. Toboeni chini ya boriti, kaskazini na magharibi, matundu ya mstari mzima na si ya tofali moja moja.

Matandazo kwa ufupi: maranda au pumba za mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 8. Maganda ya karanga na ya alizeti tunayo mengi kanda hii, yanafaa yakiwa makavu, lakini yakiloa huota ukungu, na ukungu nao unaingia kwenye mapafu. Shika konzi, fumbata. Likishikana kama donge, limeloa. Mara nyingi mkosaji ni chombo cha maji kinachovuja, kwa hiyo kagueni hicho kabla ya kubomoa ukuta.

Vifaranga wana sheria nyingine. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha mnapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wao wanalindwa na upepo kwa duara la kadibodi au karatasi ngumu la sentimita 45 kwenda juu, si kwa kuziba chumba. Wakirundikana chini ya moto wana baridi, wakiukimbia wana joto, wakijikusanya upande mmoja kuna upepo unaingia upande wa pili. Na hili la jiko la mkaa tulisikilize vizuri: mkaa uliokolea hauna moshi, lakini bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huua vifaranga usiku mmoja, na humuua mtu aliyelala nao chumba kimoja. Jiko likiwa ndani, uwazi wa juu wa pande mbili ubaki wazi, na mtu asilale humo.

Banda likikamilika, lijaribuni kabla ya kuingiza kuku. Jioni, pandisheni mapazia kama ya usiku, wekeni katikati ya sakafu kopo lenye kipande cha mavi makavu ya ng'ombe kinachofuka. Moshi unatakiwa upande, uelekee kaskazini na uanze kutoka juu ndani ya dakika moja au mbili. Ukizunguka na kushuka, kuna uwazi mmoja unaofanya kazi mbili: ama kusini pameziba, ama uzio umekata upepo. Kisha funga unyoya kwa uzi, uuning'inize pale kichwa cha kuku kitakapokuwa juu ya fito. Unyoya ukitikisika kidogo, sawa. Ukiruka ruka, pandisha pazia la kusini au ongeza mstari mmoja wa tofali. Baada ya hapo, kila mwezi wavu upigwe brashi kavu, kiangazi hata mara mbili.

Wenye mabanda yaliyokwisha kujengwa msivunje ukuta mzima. Anzeni na mstari wa juu kabisa wa tofali upande wa kaskazini; kama hauna nafasi, magharibi. Toeni mstari wote, pigeni wavu, acheni usiku mmoja upite, kisha fanyeni ule mtihani wa alfajiri wa kuchuchumaa. Harufu ikiwepo bado, toeni mstari wa juu wa kusini pia, ili hewa iwe na pa kuingilia. Matundu ya upande mmoja tu huvuta hewa kidogo, yawe mengi namna gani. Na kama kuku ni 40 kwenye banda la 30, hakuna dirisha litakalowatosha Novemba. Wauzwe kumi mwezi wa tisa, kabla hawajaanza kuhema mchana kutwa na kukunyima mayai.

Tumeleta futi na chaki. Aliyekuja na vipimo vya banda lake kwenye karatasi asogee mbele na fundi wake, tupige hesabu ya uwazi pamoja.